Mlezi kwanza, mada baadaye: ushauri kwa anayeanza ubingwa wa magonjwa ya ndani

Wanaoanza ubingwa huniuliza wachague mada gani ya utafiti. Nami huwauliza: nani atakusimamia? Mada nzuri isiyo na mlezi hufia kwenye kompyuta.

Mlezi si lazima awe profesa mwenye jina kubwa. Mtafute yule ambaye waliokutangulia walimaliza mikononi mwake, na uwaulize wenyewe rasimu zao zilikuwa zinakaa kwake muda gani. Kisha mwandikie ombi linalojibika: "Daktari, naomba dakika 20 wiki ijayo nikuoneshe swali nililopata wodini." Ukimwandikia tu "naomba uwe mlezi wangu," hajui anakubali mzigo gani. Mkishaonana, mtumie siku hiyohiyo mistari mitatu: mlichokubaliana, nani anafanya nini, mtaonana tena lini. Tafuta na mlezi wa pili asiyekupa alama. Huyo ndiye utakayemwambia umechoka.

Swali lenyewe liokote kwenye raundi. Chukua wagonjwa wa kisukari wanaolazwa na ketoasidosisi, yaani damu kujaa asidi kwa kupungukiwa insulini. Insulini husukuma potasiamu kuingia ndani ya seli, kwa hiyo aliyekuja nayo chini anaweza kuharibikiwa mapigo ya moyo. Je, wodini kwenu potasiamu hupimwa kabla ya dozi ya kwanza? Hapo unahitaji mafaili ya mwaka mmoja na safu mbili: saa majibu yalipotoka, saa insulini ilipoanza. Dogo hilo, lakini linamalizika, na linaweza kubadilisha utaratibu wa wodi. (Mada za "mambo yote yanayochangia kisukari" waachie wenye wafadhili.)

Ila usiguse mafaili kabla ya kuiuliza kamati ya maadili kama unahitaji kibali. Kutokuwahoji wagonjwa si msamaha. Ombi lipelekwe mapema, miezi kadhaa kabla ya muda wako wa utafiti, usije ukautumia wote kusubiri barua. Mtakwimu naye muone kabla ya kukusanya data, maana baadaye atakachoweza ni kukupa pole. Na majina ya waandishi, pamoja na mpangilio wake, yajadiliwe mwanzoni, chai ikiwa bado ya moto.

Kuhusu mizunguko ya hiari, yaani vitengo unavyojichagulia kujifunzia kwa muda, chagua palipo na pengo lako. Zamu nyepesi ni sababu halali mara moja moja, isiwe kila mara. Ukienda kitengo cha figo, ingia ukiwa umeandika unachotaka kukifanya kwa mkono wako, kwa mfano kusoma mashapo ya mkojo kwenye hadubini, na umwoneshe bingwa siku ya kwanza. Barua ya mapendekezo iombe wiki ya mwisho, angali anakukumbuka, ukiambatanisha wasifu wako na visa mlivyojadili, bila majina ya wagonjwa.