Somo: Kuchora kanga kwa rangi ya mafuta, kazi ya Jumamosi na Jumapili

Somo hili ni la wanachama watakaokuja warsha ya mwisho wa wiki hii, na la wale walioikosa iliyopita wakabaki kutupigia simu kuuliza tulifanyaje. Tunachora ndege kanga juu ya hadibodi, kwa rangi ya mafuta ya kopo, hiihii inayopakwa mageti. Mtindo wenyewe, unaoitwa Tingatinga, ulizaliwa hapa Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 akiwa anaishi Msasani. Alitumia vipande vya bodi za dari na rangi ya baiskeli, na picha akawa anaziuza nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 alikuwa ameshafariki. Huwa nawakumbusha hizo rangi zake za baiskeli wanaoniambia hawawezi kuanza mpaka wapate rangi za kutoka nje.

Kwa nini siku mbili? Rangi ya mafuta haikauki kwa namna ya rangi ya maji. Kwanza thina, yaani kimiminika cha kulainishia rangi, inaruka, kisha rangi yenyewe inashikana na hewa polepole mpaka inakuwa ngumu, na hapo pa pili hakuna njia ya mkato. Jumamosi tunapaka rangi ya nyuma tu, ile atakayosimama mbele yake ndege. Ndege ni wa Jumapili. Anayetaka kumaliza vyote Jumamosi ili Jumapili aende harusini, atarudi nyumbani na tope lenye mdomo na miguu.

Kabla ya Jumamosi

Shiti moja ya hadibodi ya futi 4 kwa 8 inatoa vipande 18 vya sentimita 40 kwa 40, basi tuchange tununue moja, na seremala atukatie. Fanyia kazi upande laini. Pitisha msasa namba 220 mpaka mng'ao uondoke, futa vumbi, halafu paka andakoti, yaani rangi ya kutangulia, mbele, nyuma na kwenye kingo zote nne. Wengi wanaruka nyuma kwa sababu haionekani. Hadibodi inanyonya unyevu, na huku pwani unyevu haukosekani. Ikinyonya upande mmoja inapinda, na picha iliyopinda haikai ukutani hata kwa misumari kumi.

Njoo na brashi bapa ya inchi moja na nusu, brashi mbili nyembamba, kipande cha godoro ukubwa wa ngumi, chaki, matambara, na vifuniko vya chupa za maji vya kuchanganyia rangi. Rangi ni tano tu: nyeupe, nyeusi, nyekundu, njano na buluu. Zinanunuliwa na chama.

Jumamosi, saa tatu asubuhi

Nusu saa ya kwanza ni onyesho: mmoja anachora, wengine wanatazama. Kama mchoraji anatumia mkono wa kulia, kaeni kushotoni kwake, la sivyo mtatazama kiwiko tu. Na simu ziwekwe chini. Video za onyesho zimejaa kwenye simu zetu na sijaona anayezirudia. Tazama anavyopunguza rangi ukingoni mwa kopo kabla brashi haijagusa bodi. Hilo peke yake linatosha kuwa somo.

Baada ya hapo kila mtu na bodi yake.

Fungua kopo ukoroge kwa kijiti kutoka chini kabisa, maana rangi nzito hutuama. Usitikise kopo, utaingiza mapovu. Mimina kiasi, ongeza thina kidogo kidogo mpaka rangi iteremke kutoka kwenye kijiti kama uzi. Ikidondoka kwa mabonge bado ni nzito.

Chukua rangi mbili zenye undugu. Leo ni njano, na chungwa, ambayo ni hiyohiyo njano iliyotiwa nyekundu kidogo. Paka njano nusu ya chini na chungwa nusu ya juu, mkono mwembamba, yaani tabaka jembamba, zikutane katikati bila kuacha nafasi. Sasa utaona mstari mkali pale zinapokutana. Shika kipande cha godoro kikavu ukigongegonge juu ya mstari huo. Usisugue. Gonga kutoka kwenye njano ukipanda kwenye chungwa, kila ukishagonga mara chache geuza upande safi. Kwanza mstari unakatika unakuwa madoa, madoa yanakuwa nukta, kisha ghafla huwezi tena kusema njano imeishia wapi. Acha hapo. Acha hata kama unahisi bado, kwa sababu rangi itaendelea kujilaza yenyewe kwa dakika kadhaa, na anayeendelea kugonga wakati huo huvua rangi mpaka andakoti inachungulia.

Kwangu mimi picha nzuri au mbaya inaamuliwa hapa. Ndege mwenye kasoro juu ya rangi ya nyuma iliyotulia bado anapendeza. Kinyume chake sijakiona.

Laza bodi mezani, usiisimamishe ukutani rangi ikachuruzika. Iwe kivulini penye hewa. Ukiianika juani ngozi ya juu inakauka haraka, chini kubichi, na uso wote unakunjamana. Miezi ya masika, Machi mpaka Mei, tunaanza mapema zaidi au tunaahirisha siku ya pili.

Jumapili

Bonyeza kona kwa kidole gumba ukizungusha kidogo. Alama ikibaki, kunywa chai kwanza.

Chora umbo la ndege kwa chaki: mwili mkubwa wa duara lililolala, shingo fupi, kichwa kidogo sana kuliko unavyodhani. Jaza mwili kwa nyeusi iliyotiwa buluu kidogo, mkono mwembamba, bila kivuli wala mwanga. Kichwa cha kanga hakina manyoya: ngozi ya buluu, ndevu mbili nyekundu, na pembe butu utosini. Ukivisahau hivyo umechora kuku.

Mwili ukipakwa saa tatu na nusu utakuwa umeshika mnamo saa nane mchana. Muda huo ni wa majani, ardhi, na chakula cha mchana.

Halafu nukta. Chovya ncha ya nyuma ya brashi kwenye nyeupe, gusa, inua wima. Kila ukichovya pata nukta tatu au nne tu, kwani zinapungua ukubwa. Zipange kwa mistari inayofuata mzunguko wa mwili: ndogo shingoni, kubwa mgongoni, ndogo tena kuelekea mkiani. Ukifanya hivyo ndege anajaa mwenyewe, ingawa hujapaka kivuli chochote. Ukizitawanya ovyo unapata mfuko wa nailoni wenye madoa.

Mistari myembamba ya mwisho iongezewe thina kidogo, na mkono utembee kutoka begani. Weka jina lako chini.

Brashi zioshwe kwa mafuta ya taa kisha sabuni, na uchafu huo usimwagwe mtaroni. Matambara yatandazwe kwenye kamba nje, moja moja. Rangi hii inapokauka inatoa joto, na rundo la matambara lililofungiwa kwenye ndoo linaweza kushika moto bila kiberiti.

Maswali ya wanachama

Kutoka Tabata: Shikamoo mwalimu. Nakaa chumba kimoja na watoto wadogo, harufu ya thina inawasumbua. Naweza kutumia akriliki, ile rangi ya kuchanganywa na maji, nikiwa nyumbani?

Marahaba mwanangu. Unaweza, na kwa hali yako ndivyo ningefanya. Ila badili na andakoti: akriliki juu ya rangi ya mafuta itabanduka, kwa hiyo tumia rangi nyeupe ya maji ya ukutani. Tena akriliki inakauka upesi, hasa feni ikiwaka. Zima feni, nyunyiza maji kidogo juu ya bodi, na gonga lile godoro ukiwa na haraka kweli. Kazi ya thina ije huku kwenye baraza.

Kutoka Sinza: Mwalimu, kuna mtu kaniambia tunaochora hivi tunaiba kazi ya Tingatinga. Ni kweli?

Mtindo hauna mwenyewe kisheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi yenyewe, yaani picha hii aliyoichora fulani. Ukimchukua kanga wa mchoraji wa Oysterbay ukamnakili unyoya kwa unyoya ukauza kwa jina lako, hapo umeiba. Mchore wa kwako. Na mteja akikuuliza mtindo umetoka wapi, mwambie bila kuzungukazunguka.

Kutoka Kigamboni: Nilihifadhi picha kabatini, nyeupe yote imekuwa ya njano. Nilinunua rangi feki?

Si lazima, dada. Rangi nyeupe ya mafuta ikikaa gizani huwa na tabia ya kugeuka njano. Itundike sehemu yenye mwanga isiyopigwa na jua moja kwa moja, itarudi kiasi. Picha si nguo za sikukuu, itoe nje watu waione.

Kutoka Ubungo: Lazima awe kanga?

Hapana. Chui ana madoa, papa potwe ana madoa. Pundamilia mwache kwanza, mistari ni ya watu wenye mkono uliotulia.

Kutoka Mbagala: Jumapili jioni picha bado mbichi na mimi napanda daladala mbili. Naibebaje?

Kaka, tafuta mwenzako wa njia moja. Gundisha vifuniko vya chupa pembe nne za bodi yako, upande wa picha, pembeni kabisa ambako hakuna mchoro, laza bodi yake juu, nyuso zitazamane bila kugusana, kisha mfunge kamba pande zote mbili. Kama huna mwenzako, kipande chochote cha boksi gumu kitafanya kazi hiyo. Kaa kiti cha dirishani, ibebe mapajani ikiwa imelala, na usikubali konda aiweke nyuma kwenye mizigo. Ukifika, ifungue ipate hewa, na usiiegemeze na nyingine mpaka wiki ipite.