SOMO: Kumpa mgonjwa wa kifafa dawa nyumbani

Naandika mara moja, anayeniuliza asome hapa. Mwanangu yuko kwenye fenobabitoni, dawa ya kifafa, mwaka wa sita sasa.

1. Mpe saa ileile kila siku. Fenobabitoni huleta usingizi, ndiyo maana wengi huandikiwa ya usiku.
2. Akimeza, weka alama kwenye kalenda. Akianguka, andika saa na dakika.
3. Ukisahau dozi, mpe ukikumbuka. Kama inayofuata imekaribia, iache iliyopita. Usimpe mbili pamoja.
4. USIKATISHE. Miezi saba mwanangu hakuanguka, nikaona amepona. Vidonge vilipoisha sikufuata vingine. Siku ya tatu, alfajiri, alianguka mfululizo bila kuzinduka katikati. Nilimkimbiza hospitali nikidhani nimempoteza. Dawa hizi huzuia kifafa, haziking'oi, na mwili uliozoea fenobabitoni ukinyimwa ghafla, degedege hurudi kwa nguvu. Madaktari kwa kawaida hufikiria kuacha mgonjwa akimaliza angalau miaka miwili bila kuanguka, tena kwa kupunguza taratibu. Fuata dawa zikiwa zimebaki za wiki mbili. Duka likikosa yako, usikubali kubadilishiwa nyingine bila daktari.
5. Akianguka, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni. Zikipita dakika tano, hospitali.

MASWALI

Juma K: Mdogo wangu amepona, nimwachishe?
— Hatua ya 4.

Juma K: Lakini hajaanguka tangu Pasaka!
— Wangu pia alikuwa hajaanguka. Mpeleke kwa daktari wake.

Bibi Rehema: Mjukuu ameanza dawa ya kifafa ya kabamazepini, wiki ya pili, ametoka vipele.
— Shikamoo bibi. Mpeleke hospitali leo hii, na pakiti ya dawa mkononi. Vipele hivyo vinaweza kuwa hatari sana.

Dada wa Pwani: Natumia kabamazepini. Inaingiliana na uzazi wa mpango?
— Umeuliza la maana, dada. Inalifanya ini limalize homoni haraka, kwa hiyo vidonge vya majira na vijiti vinaweza kushindwa. Kitanzi hakiathiriki. Mtajie muuguzi jina la dawa yako. Na anayetumia valproeti, dawa nyingine ya kifafa, aongee na daktari kabla ya kubeba mimba, maana inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ila asiiache mwenyewe.

Dada wa Pwani: Asante. Kwetu watu hukimbia povu.
— Kifafa hakiambukizi, si kwa povu wala kwa kula sahani moja. Wakikimbia, nani atamlaza ubavu?

Baba Neema: Mke wangu aliungulia mafigani. Tulimjengea jiko la udongo la kuinuka, lenye ukuta.
— Asante sana baba. Na bafuni aogee ndoo, mlango usifungwe kwa komeo.