Kupanda vetiveri kwenye parseli ya mteremko ili tope lisiingie Ziwa Kivu

Wengi wenye parseli kando ya ziwa hapa Bukavu huanza na ukuta wa mawe ufuoni. Ukuta huvunja mawimbi, lakini hauchuji kitu. Tope hutoka juu, na limebeba fosforasi iliyoshikamana na chembe za udongo. Hiyo ndiyo inayonenepesha mwani. Kwa hiyo anza juu, kwa mistari ya vetiveri (nyasi ya mashada yenye mizizi mirefu) inayokingama mteremko.

1. Siku ya mvua kubwa, toka na mwavuli. Chomeka vijiti maji yanapoingilia (mara nyingi ni kutoka mabati ya jirani wa juu) na yanapotokea.

2. Tengeneza kipimo cha usawa: miti miwili ya mita 2 iliyofungwa mfano wa herufi A, mti wa kukingama katikati, na uzi wenye jiwe ukining'inia kutoka kileleni. Kisimamishe, tia alama uzi unapogusa mti wa kukingama, kisha badilishana miguu yake palepale na utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Usiruke hatua hii. Mstari uliokadiriwa kwa macho huwa na bonde mahali fulani. Maji yote hukusanyika hapo na kupasua, na mfereji unaobaki ni mbaya kuliko kutopanda kabisa.

3. Weka mstari mmoja kila unaposhuka mita 1 hadi 1.5 kwa kimo.

4. Panda Septemba hadi Novemba, udongo ukiwa umelowa. Iliyopandwa Juni hukauka. Vetiveri tunayopanda huku haioti kwa mbegu, kwa hiyo gawanya mashina: majani yabaki sentimita 20, mizizi 10. Chovya mizizi kwenye uji wa samadi ya ng'ombe, weka mashina 3 kwa shimo, sentimita 15 kati ya mashimo. Mstari wa mita 10 utakula mashina kama 200. Baada ya mwezi ziba mapengo. Pengo moja ni mlango.

Mashimo ya kunywesha maji ardhini yafaa kwenye mteremko mpole tu. Kwenye udongo unaoteleza, kama ule wa mtaa wa Funu hapa Bukavu, maji unayoyazamisha huongeza uzito na kulainisha udongo wa chini, na mlima unashuka. Huko yapeleke maji pembeni kwa kanivo (mfereji) ya mawe.

5. Mita 5 za mwisho, au 10 ukiwa na nafasi, ziache na matete yake. Usilime, usimwage majivu, usifulie hapo. Mabingobingo yanakubalika, na mbuzi watakushukuru, ila mizizi yake haishuki kama ya vetiveri. Njia ya kwenda majini ipinde. Iliyonyooka hugeuka mto.

Vetiveri ikifika miezi 4, ikate ibaki sentimita 20, uchipuzi uongezeke chini. Majani uliyokata yalaze upande wa juu wa mstari. Ukiyatupa chini, mvua ya kwanza itayafikisha ziwani.