SOMO: Jinsi ya kupata saizi sahihi ya nguo na viatu unaponunua mtandaoni

Wakuu, salaam.

Nauandika uzi huu ili nikiulizwa tena "mimi navaa L, niagize saizi gani?" niwe na pa kumwelekeza mtu. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno na jibu ni lilelile: herufi L haina urefu wala upana. Kila kiwanda kinajipangia L yake. Kisichobadilika kutoka kwa muuzaji mmoja hadi mwingine ni sentimita, kwa hiyo jifunze kuongea kwa sentimita.

Unahitaji futi ya fundi, ile laini. Kama huna, chukua kamba isiyovutika, izungushe mwilini, kisha inyooshe kwenye rula. Kwa viatu: karatasi, penseli na rula.

HATUA YA 1. Jipime ukiwa na nguo nyepesi, upumue kawaida, usivute tumbo ndani.

HATUA YA 2. Kifua: palipojaa zaidi, futi ipite chini ya makwapa na isiteremke mgongoni. Nyonga: palipojaa zaidi kwenye makalio, miguu ikiwa pamoja. Kiuno: inama kwa ubavuni, pale panapokunjika ndipo kiuno. Wengi wanapima mkanda unapokaa, halafu wanashangaa gauni limebana juu.

HATUA YA 3. Andika kwenye simu. Ukikuta jedwali la inchi, inchi 1 ni sentimita 2.54.

HATUA YA 4. Hapa tulia usome polepole, maana ndipo nilipoumia.

Niliagiza shati la kuvaa kwenye harusi ya mdogo wangu. Kifua changu ni sentimita 100. Nikaona kwenye jedwali kuna mstari wa kifua 100, nikalipia palepale. Lilipofika, vifungo vya katikati vilivutana na kuacha mianya, mikono sikuweza kuinyanyua. Nikamlalamikia muuzaji, akanirudishia picha ya jedwali lake: juu kabisa paliandikwa "vipimo vya nguo". Yaani shati lenyewe lilikuwa na mzunguko wa 100, na mwili unaoingia humo ni 100, hakuna nafasi hata ya kupumua. Muuzaji hakukosea. Mimi sikusoma. Siku ya harusi ilikuwa kesho yake, nikavaa shati la zamani, na jambo hilo liliniuma sana.

Kwa hiyo kabla hujagusa kitufe cha kulipia, jiulize: jedwali hili ni la MWILI au la NGUO?

Kama ni la mwili, tafuta mstari unaolingana na vipimo vyako, usiongeze kitu. Kiwanda kimeshaweka nafasi.

Kama ni la nguo, nafasi unaiweka mwenyewe. Kwa shati la kitambaa kisichovutika mimi naongeza sentimita 8 hadi 12 kifuani. Koti la kuvaliwa juu ya sweta linataka zaidi. Tisheti ya kuvutika inaweza kuwa sawa na mwili.

Ukiona kifua cha mtu mzima kimeandikwa 52, usiogope: nguo imelazwa mezani ikapimwa kwapa hadi kwapa. Zidisha mara 2.

Jedwali lisiposema, tazama namba zenyewe. Zikiwa za kuanzia-hadi, mfano 96–100, mara nyingi ni za mwili. Ikiwa namba moja kavu, mara nyingi ni ya nguo. Bado muulize muuzaji, na akujibu kwa maandishi.

HATUA YA 5. Chukua nguo yako inayokukaa vizuri, ilaze, ipime, ulinganishe na jedwali la nguo. Njia hii inaokoa kuliko zote. (Nimeongeza: anza na mabega, soma maelezo ya Fundi Sindano huko chini.)

HATUA YA 6. Tazama namba ni ya nchi gani. Gauni la 38 la Ujerumani ni 40 kwa Ufaransa na 12 kwa Uingereza. Ukiona "Ulaya 38" tu, rudi kwenye sentimita.

HATUA YA 7. Viatu. Pima jioni, maana mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Kisigino kiguse ukuta, simama uzito wote ukiwa kwenye mguu, weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote (kwa wengine ni cha pili, si gumba). Pima miguu YOTE miwili, ufuate mkubwa. Jedwali likisema "urefu wa mguu", tumia namba yako ilivyo. Likisema "urefu wa ndani wa kiatu", ongeza kama sentimita 1. Ukiongeza mara mbili, kiatu kitapwaya.

Maswali karibuni.

—

Kijana wa Leo: Mkuu somo zuri. Mimi nina kilo 75 na urefu 170, naagiza M au L?

Mwandishi: Hatua ya 2.

Kijana wa Leo: Sina futi mkuu, we nikadirie tu.

Mwandishi: Kamba nimeitaja kabla hata ya hatua ya 1. Watu wawili wenye kilo 75 mmoja ana tumbo, mwingine ana kifua. Sikadirii mwili wa mtu nisiyemwona, halafu nguo ikibana lawama zije kwangu.

Mama Pacha: Asante kaka. Naomba kujua, namba 42 ya kiatu ni 42 ya nini hasa? Mguu wangu si sentimita 42.

Mwandishi: Dada, swali zuri sana hili. Namba za Ulaya hazipimi mguu, zinapima kalibu, lile umbo ambalo kiatu hutengenezwa juu yake. Kila namba ni theluthi mbili za sentimita. 42 mara theluthi mbili ni 28, basi kalibu ina sentimita 28. Mguu unaoingia humo ni mfupi zaidi, kwa kawaida kama 26.5. Uingereza wanatumia theluthi ya inchi, kipimo cha zamani cha punje ya shayiri, ndiyo maana namba moja yao inaruka milimita 8 na ushei wakati ya Ulaya inaruka 6 na ushei. Kwa hiyo namba hizo mbili haziwezi kulingana kila mahali, na majedwali ya kubadilisha yanapishana. Japani wanaandika urefu wa mguu wenyewe kwa sentimita. Kiatu kikiwa na namba hiyo kwenye lebo, ifuate hiyo.

Mama Pacha: Kumbe! Na raba za Marekani, za kike na za kiume ni sawa?

Mwandishi: Hapana. Ya kike huwa mbele kama 1.5. Mwanamke anayevaa 8.5 atafute 7 ya kiume. Ila ya kiume huwa pana zaidi. Huko upana una herufi: kwa kawaida D ni wa kawaida kwa wanaume, B kwa wanawake, 2E ni mpana.

Mtaka Haki: Nilifuata vipimo, jinzi ikanitosha, nikaifua mara moja ikanibana. Somo lako halijakamilika.

Mwandishi: Somo ni la kuchagua saizi, si la kufua. Ulisoma lebo? Uliifua na maji ya moto?

Mtaka Haki: Ya moto ndiyo. Lebo inasema pamba 100%.

Mwandishi: Basi jibu unalo. Pamba isiyotayarishwa kiwandani hunywea, na maji ya moto yanaizidishia. Muulize muuzaji kama kitambaa kimeshanyweshwa. Kama hakijanyweshwa, chukua kubwa zaidi.

Binti Mdadisi: Nataka kumnunulia mume wangu koti bila yeye kujua. Nampimaje?

Mwandishi: Pima koti lake akiwa hayupo, lile analolipenda kuvaa. Kifua kwapa hadi kwapa, mabega mshono hadi mshono, mkono kutoka mshono wa bega hadi mwisho. Kisha tumia jedwali la nguo tu. La mwili hapo halikusaidii.

Fundi Sindano: Niongezee kidogo, mimi nashona. Mtu akiwa katikati ya saizi mbili, achague inayomkaa mabegani. Kiuno nakipunguza, pindo nalipandisha, mkono naufupisha. Bega ni kazi kubwa, lazima nifumue mkono wote, na likibana halina pa kuongezea. Suruali nayo, chungulia ndani ya mshono wa nyuma. Kama wameacha kitambaa cha ziada naweza kuiachia kidogo.

Mwandishi: Hili la mabega nimelipandisha kwenye hatua ya 5. Fundi, na koti ambalo vifungo vya mkononi vinafunguka kweli, unalifupisha?

Fundi Sindano: Kwa chini siwezi, matundu ya vifungo yatakaa vibaya. Inabidi niufupishe kuanzia begani, na si kila fundi anakubali. Kwa koti la namna hiyo hakikisha urefu wa mkono kabla hujaagiza.