Kabla ya kujaza baruti, pima ganda: kwa wawindaji wetu walioko Marekani

Msimu wangu wa pili wa kuwinda kulungu hapa Pennsylvania, nikiwa kwenye uwanja wa shabaha, bolti (komeo la kufungia risasi ndani) ya bunduki yangu inayotumia risasi aina ya .308 Winchester iligoma kushuka. Risasi zile 20 nilizijaza mwenyewe, yaani nilichukua maganda yaliyokwisha kutumika nikayatia fataki, baruti na vichwa vipya, na nilijiona makini: baruti nilipima kwa mizani, urefu wa risasi nzima nilipima kwa vernia, kile kipimo chenye taya mbili. Kitu kimoja sikukipima, nacho ni ganda lenyewe baada ya kulibana kwenye dai, kile kifaa cha chuma kinacholirudisha ganda umbo lake. Namshukuru Mungu sikulazimisha ile bolti. Nyumbani nilichomoa kichwa cha risasi, nikamwaga baruti, nikapima ganda: inchi 2.021. Kikomo chake ni 2.015.

Tangu siku hiyo, kila ndugu anayeniomba nimfundishe kujaza risasi namwanzishia kwenye ganda, baruti baadaye. Na kabla ya ganda namuuliza karatasi zake.

Hilo la karatasi si dogo. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mtu mwenye viza ya muda, kama mwanafunzi wa F-1 au mfanyakazi wa H-1B, kuwa na bunduki au risasi. Upo msamaha kwa mwenye leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo, na ipo misamaha mingine michache. Mwenye green card anaruhusiwa. Wengi wetu hawajui kwamba kwa sheria hiyo ganda tupu, fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), kichwa cha risasi na baruti, kila kimoja peke yake, kinahesabiwa kuwa risasi. Kwa hiyo mwanafunzi anayemsaidia rafiki kupima maganda, na akarudi kwake na sanduku la maganda hayo, anaweza kujikuta kwenye kosa ambalo kifungo chake kinafika miaka 15, na baada ya kifungo kufukuzwa nchini. Kama karatasi zako bado ziko njiani, muone wakili wa uhamiaji kwanza. Kujaza risasi za matumizi yako hakuhitaji leseni ya shirikisho, lakini kuzifanya biashara kunahitaji, na majimbo yana masharti yao. Ukisafiri kwenda nyumbani, pekua mifuko yote ya lile begi unalokwenda nalo porini. Kenya na Tanzania zote zina sheria kali za silaha na risasi, na afisa wa uwanja wa ndege hatapokea maelezo kwamba ganda ni tupu.

Sasa turudi mezani. Ganda limetengenezwa kwa shaba ya manjano, takriban asilimia 70 shaba nyekundu na 30 zinki. Risasi ikilipuka, ganda hutanuka mpaka likabana kuta za chemba, ile sehemu ya bunduki inamokaa risasi. Ukilibana tena kwenye dai ili lirudi umbo lake, ile shaba haina pa kwenda ila mbele, kuelekea shingoni. Ndiyo maana ganda hurefuka, na urefu mwingi unaongezeka pale kwenye dai. Ganda lililosoma 2.012 kabla ya dai linaweza kutoka likisoma 2.018. Ukipima kabla, umepima kitu ambacho hakitaingia kwenye bunduki.

Hatari yake ni hii. Chemba ina ukingo mahali mdomo wa ganda unapoishia. Ganda refu mno husukumwa kwenye ukingo huo, mdomo ukajikunja na kukibana kichwa cha risasi. Baruti inapowaka, shingo inatakiwa itanuke ili kichwa kitoke, lakini hapo haina nafasi. Shinikizo hupanda kuliko bunduki ilivyoundwa kubeba, na uso wako uko sentimita chache tu kutoka hapo.

Sisi tuliosoma kwa milimita, inchi zinatusumbua mwanzoni. Vernia za kidijitali zina kitufe cha kubadilisha, lakini nakushauri uzoee inchi, kwa sababu vitabu vyote vya kujaza risasi huku vinaandika hivyo. Kwa .308, kikomo ni inchi 2.015 (milimita 51.18) na urefu wa kukatia ni 2.005. Kwa .30-06, kikomo ni 2.494, unakata hadi 2.484. Kwa .223 Remington ni 1.760 na 1.750. Utaona tofauti ni ileile, sehemu 10 za elfu ya inchi, yaani robo milimita hivi.

Namna ya kupima: toa fataki iliyotumika kwanza, maana ikichomoza kidogo tu itakudanganya. Futa mafuta uliyopaka kwa ajili ya dai. Futa na taya za vernia kwa kitambaa, zifunge, hakikisha zinasoma sifuri. Kitako cha ganda kikae bapa kwenye taya moja, kisha lizungushe taratibu na uchukue namba kubwa kuliko zote. Pima kila ganda, hata kama yametoka kwenye sanduku moja.

Kwa kukata, anayeanza namshauri anunue kikatio rahisi cha mkono kama kile cha Lee, chenye sindano ya kipimo inayopita ndani ya ganda na kutokea kwenye tundu la fataki. Sindano ndiyo inayoamua urefu, hivyo huwezi kukata kupita kiasi, na unaweza kuifunga kwenye keekee. Ubaya wake ni kwamba kila aina ya risasi inataka sindano yake. Zile mashine ndogo zenye mkono wa kuzungusha, kama za Forster, zinakata aina nyingi, ila wewe ndiye unayerekebisha urefu: pima ganda la kwanza, kisha pima tena kila baada ya maganda kumi, kwa sababu skrubu hulegea.

Kisu kikishapita, mdomo wa ganda unabaki na ukingo mkali ndani na nje. Ulainishe kwa kifaa chake, mizunguko miwili au mitatu myepesi, basi. Ukichonga hadi mdomo uwe kama wembe, umeharibu. Mimi hupitisha kipande cha pamba mdomoni: pamba ikinasa uzi hata mmoja, narudia. Mwisho naligonga ganda kichwa chini, chembe za shaba zidondoke.

Kazi hii usiifanye kwenye meza mnayolia ugali. Masizi ya fataki yana madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, na wengi wetu tunaishi kwenye apatimenti na watoto wanaotambaa. Tafuta gereji au kibaraza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika chochote, na maganda machafu usiyaoshee kwenye sinki la jikoni.

Kila robo milimita unayoikata juu imetoka chini, kwenye kuta zilizo karibu na kitako. Huko ganda hukonda. Nyoosha klipu ya karatasi, ikunje ncha iwe kama ndoano, iingize ndani na ukwaruze kuta kutoka kitakoni kwenda juu. Ncha ikitumbukia kwenye mfereji kiasi cha sentimita moja juu ya kitako, au ukiona nje pete inayong'aa mahali hapohapo, ganda hilo linakaribia kukatika vipande viwili. Lipondeponde kwa koleo lisije kurudi mezani kwa bahati mbaya.

Kwenye kibandiko cha kila sanduku naandika aina, mara ngapi yamejazwa, na mara ngapi yamekatwa. Yakifika zamu ya kukatwa mara ya tano, sanduku zima linakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, pamoja na yale yanayong'aa kama mapya.