Somo: Jinsi ya kufika Llyn y Fan Fach, ziwa la bibi wa majini

Salaam wakuu. Kwa mlioko Uingereza mnaotaka kwenda ziwa hili la kusini mwa Wales, fuateni hivi.

1. Anza na hadithi, maana usipoijua utaona maji na mawe tu. Kijana wa shamba la Blaensawdde, akichunga ng'ombe, alimwona mwanamke juu ya maji akichana nywele. Akamtupia mkate mkavu, akakataliwa. Kesho yake akaleta unga uliokandwa tu, akakataliwa tena. Mkate ulioiva nusu ndio ukapokewa. Hapo mahari ilitoka kwa baba wa bibi harusi: mifugo yote ambayo binti angeweza kuihesabu kwa pumzi moja. Binti akahesabu kwa tano tano! Sharti likawa kwamba mume akimpiga mara tatu bila sababu, anarudi kwao. Mapigo yenyewe yalikuwa ya kugusa tu, lakini la tatu lilipotimia aliwaita ng'ombe wake wote. Hata ndama mweusi aliyekwisha chinjwa alishuka kwenye kulabu, akawafuata wenzake ziwani. Hapo ndipo huwa nasisimka.

2. Endesha hadi kijiji cha Llanddeusant. Barabara ni nyembamba, ukikutana na trekta mmoja wenu arudi nyuma. Gari unaliacha mwisho wa lami.

3. Panda kwa miguu njia ya kokoto kando ya mto Sawdde, kama kilomita 2, hadi ziwani, penye bwawa lililojengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Usipige picha mara moja. Kaa kwanza kwenye majani, utazame maji meusi chini ya genge jekundu.

4. Kukiwa kweupe, endelea ukingoni hadi kilele cha Picws Du, mita 749. Ukungu ukishuka, rudi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, jina linatamkwaje?
Jibu: "Ll" weka ulimi kama unasema "l", kisha puliza hewa pembeni. "F" yao ni "v" yetu, na "ch" ni "kh" ya Khamis. Llyn ni ziwa, fach ni dogo.

Swali: Yule bibi wa majini, watoto wake aliwaacha hivyohivyo?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Inasimuliwa kwamba alimtokea mwanawe Rhiwallon akamfundisha dawa za mitishamba. Rhiwallon na wanawe walikuwa waganga wa Myddfai katika karne ya 13, wakimtibu mtawala Rhys Gryg, na tiba zao ziliandikwa. Kijiji cha Myddfai kipo karibu, ukishuka pitia.