Jinsi ya kupima nguvu za rais wa Marekani kwa kutumia turufu

Mwanafunzi wa sayansi ya siasa anayechunguza urais wa Marekani hukwama mapema kwa sababu marais ni wachache. Tangu 1789 watu 45 tu ndio wameshika kiti hicho. Orodha inafika 47 kwa kuwa Grover Cleveland na Donald Trump wamehesabiwa mara mbili kila mmoja. Ukilinganisha mtu na mtu utaishia kuandika tabia zao. Dawa ni kubadili kizio cha uchambuzi: chukua uamuzi mmoja mmoja badala ya rais mzima. Turufu, yaani rais kukataa muswada uliopitishwa na Kongresi (bunge la Marekani), inafaa sana kwa kazi hii kwa kuwa kumbukumbu zake ni kamili.

Hatua ya 1: Soma kanuni yenyewe

Wengi hukimbilia Ibara ya 2 ya Katiba, inayohusu rais. Turufu iko Ibara ya 1, kifungu cha 7. Rais ana siku 10, Jumapili hazimo. Akiukataa muswada, anaurudisha katika baraza ulikoanzia pamoja na hoja zake kwa maandishi, na mabaraza yote mawili, Baraza la Wawakilishi na Seneti, yanaweza kuibatilisha turufu hiyo kwa theluthi mbili. Akikaa kimya hadi siku ziishe, muswada unakuwa sheria bila saini yake. Lakini Kongresi ikiwa imeshaahirishwa, na hivyo muswada haurudishiki, unakufa. Hiyo ndiyo turufu ya mfukoni, na hakuna kura ya kuibatilisha.

Hatua ya 2: Jenga jedwali

Tovuti ya Seneti ina orodha ya turufu za kila rais. Weka mstari mmoja kwa kila turufu, na safu hizi: tarehe, namba ya muswada, baraza ulikoanzia, aina ya turufu (ya kawaida au ya mfukoni), muswada wa umma au wa mtu binafsi (unaomhusu mtu mmoja tu), chama chenye wingi katika kila baraza, kura zilizopigwa, na matokeo.

Safu ya umma au binafsi usiiache kamwe. Cleveland alitoa turufu 414 katika muhula wake wa kwanza, 1885–1889, na kwa haraka anaonekana jabali. Sehemu kubwa ilikuwa miswada ya kumpa pensheni askari mmoja wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, au mjane wake. Ukiipanga pamoja na turufu ya Rais Truman ya 1947 dhidi ya sheria ya kazi ya Taft-Hartley, ambayo Kongresi iliibatilisha, takwimu zako hazitakuwa na maana.

Hatua ya 3: Kokotoa kiwango cha kubatilishwa

Gawanya zilizobatilishwa kwa turufu za kawaida tu. Andrew Johnson: 15 kwa 21, sawa na asilimia 71. Franklin Roosevelt: 9 kwa 372, asilimia 2.4. Ukigawa kwa jumla inayochanganya na za mfukoni (29 na 635), Johnson anashuka hadi asilimia 52, kana kwamba Kongresi ilimwonea huruma. Haikumwonea, nane kati ya zile haikuwa na njia ya kuzigusa.

Kosa jingine liko kwenye theluthi mbili. Inahesabiwa kwa wanaopiga kura, akidi ikiwa imetimia, wala si kwa wajumbe wote 435 na maseneta 100. Chukua muswada wa ulinzi ambao Trump aliukataa tarehe 23 Desemba 2020. Baraza la Wawakilishi lilipiga 322 kwa 87: kura ni 409, kwa hiyo zilihitajika 273, si 290. Seneti, tarehe 1 Januari 2021, ilipiga 81 kwa 13: zilihitajika 63. Tazama pia safu ya chama: Seneti hiyo ilikuwa mikononi mwa Warepublican, chama chake mwenyewe. Chama peke yake hakitoshi kueleza matokeo.

Hatua ya 4: Tafuta turufu ambazo hazikutolewa

Hapa ndipo utafiti mzuri unapojitenga na hesabu tupu. George W. Bush hakutoa turufu hata moja katika muhula wake wa kwanza. Ya kwanza ilikuja Julai 2006. Je, alikuwa dhaifu? Muda mwingi chama chake ndicho kilichoongoza Kongresi, na muswada usiopendwa na Ikulu hurekebishwa au kuzimwa kabla haujafika mezani. Kwa hiyo ongeza jedwali la pili, la vitisho. Ofisi ya Usimamizi na Bajeti hutoa taarifa rasmi za msimamo wa serikali kuhusu miswada. Tofautisha maneno: “rais atakataa” ni kauli nzito kuliko “washauri wake watapendekeza akatae”. Kisha linganisha matini ya muswada kabla na baada ya kitisho, kifungu kwa kifungu. Kazi hii inachosha, kwa hiyo anza na muhula mmoja wa Kongresi, yaani miaka miwili.

Hatua ya 5: Ingia kwenye nyaraka

Soma ujumbe wa turufu wenyewe na upange hoja: ya kikatiba, ya gharama, au ya sera. Kwa mijadala ya ndani ya Ikulu, sheria ya kumbukumbu za rais ya 1978 inaruhusu maombi ya umma miaka mitano baada ya rais kuondoka madarakani. Ushauri wa siri unaweza kufungiwa hadi miaka 12, hivyo kagua tarehe hizo kabla hujachagua rais wa kumchunguza.